Mbeya ni ya Kuzaliwa Tu, Siyo ya Kuishi?



Mwezi uliopita nilikuwa kwa mjomba wangu Mbagala, Jumapili mchana, tunakula. Akaniuliza nikishamaliza mambo ya chuo nataka kwenda wapi. Nikamjibu, "Narudi nyumbani, mjomba. Mbeya." Akaweka kijiko chini. "Binti yangu," akasema, "Mbeya ni ya kuzaliwa, siyo ya kuishi. Umesoma sheria yote hiyo, ukafanye nini kule kwa watu wakorofi?" Watu mezani wakacheka. Binamu yangu, mtoto wa mjini ambaye hajawahi kuvuka Chalinze, akachomekea: "Si ndiko wanakochuna watu ngozi?"

Nilicheka nao. Ila usiku ule sikulala vizuri, maana swali la mjomba siyo la utani kwangu. Julai nimefanya mtihani wa mwisho wa shahada ya sheria. Mafunzo ya uanasheria kwa vitendo nitaomba mwakani. Hapa katikati kuna ofisi ya uwakili Posta imekubali nikajitolee, wananipa nauli na chakula cha mchana. Na uchaguzi wa serikali za mitaa ukifika, tunajiandikisha kwenye orodha ya mtaa tunaoishi. Huwezi kujiandikisha mitaa miwili. Kwa hiyo karani ataniuliza swali lilelile la mjomba, ila yeye atataka jibu la maandishi: wewe ni mkazi wa wapi?

Najua siko peke yangu. Wengi mnaosoma hapa mmetoka kwenye miji ambayo jina lake likitajwa watu wanakunja uso. Kuna wa Tarime, wa Tunduma, wa Geita. Leo naongelea Mbeya kwa sababu ndiyo ninayoijua, ila kila mmoja anaweza kuweka kwake.

Tuanze na ukweli. Tusidanganyane kwamba sifa mbaya ya Mbeya imetungwa na maadui. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu waliuawa kweli mkoani kwetu na kuchunwa ngozi kwa imani za kishirikina. Zile siyo hadithi za kutishia watoto, zile ni familia zilizozika ndugu zao. Novemba 2011 machinga na polisi walipambana Mwanjelwa, mji ukasimama. Barabara kuu inayokatiza katikati ya jiji imetuulia watu wengi. Julai 2018 lori lilishindwa breki mlima wa Iwambi, wakafa watu 20. Juni 2024 tena, mteremko wa Simike, lori likazoa magari na watu, tukazika zaidi ya kumi. Anayesema Mbeya ni pagumu hajakosea.

Na kuna jambo moja ambalo mimi mwenyewe nililiona. Nilikuwa kidato cha tatu. Mtaani kwetu Ilomba, asubuhi mapema, watu walimkamata kijana mmoja wakasema kaiba betri ya bajaji. Nilikuwa naenda shule. Nilipopita mara ya kwanza alikuwa amekaa chini anaongea, anasema siyo yeye. Kuna mtu akasema, "Ukimpeleka kituoni kesho unakutana naye." Sikusimama. Nilirudi jioni nikakuta majivu ya tairi na watoto wanayachezea kwa vijiti. Wiki mbili baadaye ikajulikana betri ilikuwa kwa fundi, dereva wa zamu ya usiku ndiye aliyeipeleka.

Nilipofika chuo mwaka wa kwanza, mhadhiri akatufundisha Ibara ya 13 ya Katiba, kwamba mtu anayeshitakiwa asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike. Wenzangu waliandika wakafunua ukurasa. Mimi nilimkumbuka yule kijana amekaa chini, anaongea. Magazeti yetu yana jina la kuwaita waliomuua: "wananchi wenye hasira kali". Yaani hata kwenye lugha tumewapa nafuu. Wale ni wauaji, na baadhi yao walikuwa majirani zangu, wananiamkia na kunitumia salamu kwa mama.

Kwa hiyo sitetei ukorofi wa aina hiyo. Nataka kusema tu kwamba neno "ukorofi" limebebeshwa mambo mawili yasiyofanana, na kuna watu wanafaidika yakichanganywa.

Wa kwanza ni huo wa kuchoma mtu. Wa pili ni wa mama muuza ndizi anayemuuliza mgambo, "Kitambulisho chako kiko wapi, na amri ya kubeba beseni langu imeandikwa wapi?" Ni wa dereva bajaji anayegoma kulipa ushuru mpaka apewe risiti. Ni wa watu wanaokaa kwenye mkutano wa hadhara toka saa nane mpaka jua linazama, kwenye baridi ya Julai, wanasikiliza hoja na kuzomea uongo. Mimi nimelelewa na ukorofi huu wa pili. Bila huo nisingesoma sheria.

Sasa angalia unavyotumika. Agosti 2024 vijana wa chama walipanga kukutana Mbeya, viwanja vya Ruanda Nzovwe, tarehe 12, Siku ya Kimataifa ya Vijana. Polisi wakapiga marufuku, wakisema kuna dalili za kupanga vurugu. Zaidi ya watu 500 wakakamatwa, viongozi wa kitaifa wakiwamo. Mimi nilikuwa Dar naangalia kwenye simu, natafuta majina ya watu ninaowajua. Jioni ile mtu mmoja kwenye daladala, wala siyo mwanasiasa, akasema, "Mbeya tena! Wale watu wanapenda fujo." Hakuna jiwe lililorushwa. Watu walikuwa kwenye mabasi wanakwenda kwenye mkutano. Lakini kwa kuwa jina la mji tayari lina sifa, hakuhitaji ushahidi. Mji mzima ulihukumiwa kama yule kijana wa betri, kabla hata ya kusikilizwa.

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Mji ukishaitwa mkorofi, unapewa askari kabla ya kupewa taa za barabarani. Mwekezaji akisita, sababu ni watu wenu. Mwalimu mpya akiomba uhamisho, sababu ni watu wenu. Soko likichelewa kujengwa, mnalalamika sana ndiyo maana. Na kijana aliyesoma naye akikubali hadithi hiyo, anabaki Dar, mji unabaki na watu wachache zaidi wa kuuliza maswali, kisha unazidi kuharibika, na sifa inazidi kuwa kweli. Sijui kama kuna mtu alikaa akapanga hivyo. Ila matokeo ni hayo hata kama hakuna aliyepanga.

Sasa tuongee kuhusu kuishi kwenyewe, maana siasa hailipi kodi ya chumba.

Dar nalipa elfu themanini kwa chumba kimoja Sinza, choo tunachangia watu sita, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Ilomba chumba kama hicho ni elfu thelathini na tano, na mwenye nyumba ukimwambia hujakaa sawa anakusubiri mwisho wa mwezi. Chakula sina haja ya kuwasimulia. Mchele wa Kyela na wa Usangu, viazi, maharage, ndizi za Tukuyu, parachichi za Rungwe, vyote vinashuka Mbeya kabla havijapanda lori kwenda kwenu huko. Unachokula Dar jioni, sisi tulikila wiki iliyopita kwa nusu bei. Baridi ipo, hasa Juni na Julai, unavaa sweta mbili na bado unasogelea jiko. Mimi nimeikosa baridi hiyo kwa miaka minne, nalala na feni inayozungusha joto.

Watu nao. Mjomba anasema wakorofi. Lakini mji wenyewe haukuwa wa kabila moja toka mwanzo. Ulikua miaka ya 1920 na 1930 watu walipofuata dhahabu ya Lupa. Miaka ya 1970 reli ya TAZARA ikapita, kilomita 1,860 mpaka Zambia, ikashusha wengine pale Iyunga. Barabara kuu ikaleta madereva, mafundi na wenye hoteli. Wasafwa ndio wenyeji, lakini mtaani kwetu mstari mmoja wa nyumba una Mnyakyusa, Mndali, Mkinga mwenye duka, Mnyiha, Mbena, na mzee mmoja wa Kigoma aliyekuja na reli hakurudi tena. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 ndani ya jiji. Ya 2022 ikahesabu 541,603. Ndani ya miaka 10 wameongezeka zaidi ya laki moja na nusu. Mji ambao haufai kuishi haujazi watu hivyo. Kuna wanaoona kitu ambacho binamu yangu hakioni.

Ila sitaki kuwauzia mbuzi kwenye gunia. Mtoto wa kike akirudi usiku peke yake kuna njia hapiti. Nilipokuwa sekondari nilijua kona zote zisizo na taa kati ya kituo cha daladala na nyumbani, na nilijua nyumba ipi nigonge nikisikia hatua nyuma yangu. Barabara kadhaa za mitaa zikawekwa lami ule wakati wa mradi wa miji ya kimkakati, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Nilichokiona mimi ni kwamba panapowekwa taa, kina mama wanauza mihogo na samaki mpaka saa nne usiku, na wao wakiwepo hata sisi tunapita. Maji nayo ni aibu. Mvua inanyesha miezi sita, mito kila upande, halafu mtu ananunua ndoo. Mwaka 2024 mradi wa Mto Kiwira ulikuwa unajengwa, na njia nne za barabara kutoka Nsalaga mpaka Ifisi nazo zilikuwa zinajengwa. Tunangoja. Tukingoja bila kuuliza zimefikia wapi, tutangoja sana.

Na kazi. Hapa mjomba ana hoja nzito na sitaikwepa. Ofisi za uwakili Mbeya ni chache, nyingi zinabeba kesi za ardhi na mirathi, na wateja wanalipa kwa mafungu, wengine kwa gunia la viazi. Wenzangu wa darasa watakaobaki Posta watakutana na kesi za benki na kampuni za simu. Baada ya miaka mitano watakuwa na magari. Mimi pengine nitakuwa bado napanda bajaji.

Lakini nijiulize, nani anahitaji mwanasheria zaidi? Isyesye na Itezi watu wananunua viwanja kwa karatasi ya daftari, mashahidi wawili na muhuri wa mtaa, halafu kiwanja hichohicho kinauzwa kwa mtu wa pili na wa tatu. Wajane wanatolewa kwenye nyumba na mashemeji wakati ndugu wa kusoma wako mbali. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, inayotambua mpaka wasaidizi wa kisheria wa ngazi ya jamii, lakini mtaani kwetu ukimuuliza mtu kumi hakuna anayejua kwamba anaweza kusaidiwa bila kulipa. Sheria ambayo haijafika Ilomba, kwa watu wa Ilomba haijatungwa.

Sasa nirudi kwa mjomba. Nimemwandika kama mtu wa kucheka, na hiyo siyo haki. Baada ya chakula kile nilimpigia mama, nikamwambia kaka yake kasema nini. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, usimlaumu mjomba wako. Yeye aliondoka na moto."

Nilikuwa mdogo sana 2006, sikumbuki. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka ule, mjomba alikuwa na kibanda cha nguo na kingine cha viatu, mzigo umetoka kushushwa, sehemu yake kwa mkopo. Kufika asubuhi hakukuwa na kitu. Mama anasema alisimama pale hakulia, akaokota kufuli lake, akaliweka mfukoni. Mwezi uliofuata alipanda basi. Soko jipya lilichukua miaka mingi kukamilika. Kwa hiyo anaposema Mbeya siyo ya kuishi hasemi kama binamu yangu. Anasema kama mtu aliyewekeza ujana wake wote mahali, ukaungua, na hakuna aliyekuja kumuuliza ataanzaje upya.

Mama yeye alibaki. Akahamia soko la SIDO na mitumba yake, akajenga meza upya, mbao moja baada ya nyingine. Mwaka 2017 SIDO nayo ikaungua. Akaanza mara ya tatu. Nilimuuliza kwenye simu, "Mama, kwa nini hukumfuata mjomba?" Akajibu kama mtu anayeongelea bei ya nyanya: "Ningeenda wapi? Wateja wangu wako hapa. Na walioungua na mimi wako hapa. Tulikuwa na upatu, tukaanza na ule."

Ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, moto uleule, majibu mawili. Siwezi kusema mjomba alikosea. Aliwasomesha watoto wake, na mimi nimekula kwake miaka minne. Lakini najua kwamba meza za mitumba zilirudi SIDO kwa sababu ya watu kama mama, siyo kwa sababu ya waliopanda basi. Na najua kwamba tukiondoka wote tuliosoma, upatu wa kina mama ndiyo itakuwa serikali pekee iliyobaki mtaani.

Hapa naomba tujiseme na sisi, maana wenzetu wakisoma watauliza. Jimbo la Mbeya Mjini lilikuwa letu toka 2010 mpaka 2020, chini ya Sugu. Mwaka 2015 tukachukua na halmashauri ya jiji, tukawa na meya. Tulipigwa vita, ni kweli. Mikutano ilizuiwa toka 2016, mbunge wetu alifungwa 2018. Lakini je, miaka ile mitano ya halmashauri tuliitumia kubadilisha kile tulichoweza? Ulinzi wa mitaa tuliusuka upya, au tulibadilisha tu nani anapigiwa makofi? Mtu wa Ilomba anaweza kuhesabu mambo matatu yaliyobadilika kwake kwa sababu tulikuwa na madiwani wengi? Mimi nahesabu moja, labda mawili. Tulikuwa hodari kwenye viwanja vya mkutano na wavivu kwenye vikao vya mtaa. Na 2019 chama kilipojitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, kwa sababu ambazo wote tunazijua, wenzetu wakachukua zaidi ya asilimia 99 ya mitaa na vijiji. Toka hapo mpaka 2024 mtaani kwetu hakukuwa na wa kuuliza.

Kwa nini nang'ang'ania mtaa wakati wengi wenu akili iko kwenye uchaguzi mkuu? Kwa sababu ukichunguza ile sifa mbaya, sehemu kubwa inaanzia mtaani. Ulinzi shirikishi unasimamiwa na uongozi wa mtaa. Ni wao wanaojua nani anazunguka usiku na kirungu, kafundishwa nini, na akimkamata mtu anampeleka wapi. Barua ya mdhamini ili ndugu yako atoke kwa dhamana inagongwa muhuri ofisi ya mtaa. Karatasi ya kiwanja inayouzwa mara tatu ina muhuri wa mtaa. Katiba, Ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Siku ile ya yule kijana, kama kungekuwa na mwenyekiti mmoja mwenye msimamo, anayeheshimika, akatoka nje na kusema "Huyu hapigwi, huyu anakwenda kituoni, na mimi nakwenda naye," naamini yule kijana angekuwa hai. Wauaji wake hawakuwa wengi. Wengi tulikuwa wapita njia. Mimi nilikuwa mmojawapo, nimebeba begi la shule.

Kwa hiyo nikiulizwa kama Mbeya inafaa kuishi, sitajibu kwa kuipamba, wala sitasema kwamba hadithi za watu ni uongo. Najibu hivi: mji haufai kuishi pale ambapo ukisema kweli huna wa kusimama naye. Mbeya bado ina watu wa kusimama nao. Wanaitwa wakorofi. Kinachokosekana ni ukorofi huo kuingia ofisini, kwenye kikao, kwenye muhtasari na saini, badala ya kuishia barabarani na kwenye tairi.

Kuna wanaosema mabadiliko yanaletwa Dar na Dodoma, ndiko kwenye vyombo vya habari na ofisi kubwa, kwa hiyo kijana mwenye uwezo akae huko. Siwadharau. Chama kinahitaji watu makao makuu, na kuna kesi za kikatiba ambazo zitashindwa au kushinda Dar. Ibara ya 17 inampa kila raia haki ya kuishi popote ndani ya nchi, na haki hiyo ni ya mjomba pia. Lakini ikiwa kila anayeweza kusoma mkataba anaishi sehemu moja, nchi nzima iliyobaki itasainishwa vitu isivyovijua. Sote hatuwezi kuwa Posta.

Makamanda, nina maombi machache, siyo hotuba.

La kwanza, amua wewe ni mkazi wa wapi kabla siku za kujiandikisha hazijafika. Usijiandikishe pale ulipopanga chumba kwa sababu tu kituo kiko karibu. Jiulize ni mtaa gani ambao ukiharibika wewe utaumia.

La pili, kama una miaka 21 na kuendelea, unajua kusoma na kuandika, na unaishi pale, fikiria kugombea. Siyo lazima uenyekiti. Ujumbe wa kamati ya mtaa unatosha kuanza nao. Dada zangu hasa. Kama njia ya kwenda nyumbani haina taa, anayeijua njia hiyo ni sisi.

La tatu, hata usipogombea, nenda kwenye mkutano wa mtaa ukaombe mapato na matumizi yasomwe. Uliza kwa adabu. Uliza tena. Andika tarehe na jibu ulilopewa. Wakikuita mkorofi, kaa chini, maana wamekubali kwamba umesikika.

La nne, na hili ni kwa sisi wenyewe. Siku utakapokuta watu wamemzunguka mtu mtaani, usipite kama mimi nilivyopita. Piga kelele, piga simu, ita mzee yeyote anayeheshimika. Hatuwezi kulia kwamba tunahukumiwa bila kusikilizwa Ruanda Nzovwe, halafu tumhukumu mwizi wa betri bila kumsikiliza Ilomba.

Jumamosi iliyopita nilirudi Mbagala kumuaga mjomba. Nilimwambia ile nafasi ya Posta nimeiachia mwenzangu, tiketi nimekata, naondoka alfajiri. Hakubishana. Alisema tu, "Utaniambia." Kisha akaingia chumbani, akatoka na sweta lake la zamani, zito, la sufu, akaniambia Septemba jioni bado kuna upepo kule juu. Miaka yote hii yuko Dar na bado ana sweta la Mbeya kabatini. Sikumuuliza kwa nini.

Mimi nitajiandikisha Ilomba. Kama nawe unarudi kwenu, tuandikie hapa chini ni mtaa gani.